Wiki ya tisa baada ya kuunganishwa kano ya kiwiko, kiganja hakigeuki juu

Mpakiaji wa Uyole
Habari za jioni wakuu, naombeni msaada. Mimi napakia viazi hapa Uyole. Nilikuwa juu ya Fuso, mwenzangu akaniachia lumbesa kabla sijaishika sawasawa. Mkono niliokuwa nimeukunja ukavutwa ukanyooka ghafla. Nikasikia mlio kwenye kiwiko kama katani inakatika, msuli ukapanda ukajikusanya juu. Baada ya siku 12 nikapasuliwa, kano, ile kamba inayoshikiza msuli, ikarudishwa kwenye mfupa.

Kidonda kimefunga vizuri, kukunja nakunja mpaka nagusa bega. Shida ni kugeuza. Kiganja kinaishia katikati, gumba likiangalia juu, basi. Juzi mama mkwe kanimiminia maji ya kunawa nikashindwa kukinga, yote yakaishia chini. Niliumia sana moyoni. Halafu kuanzia kiwiko mpaka karibu na gumba ngozi ina ganzi. Majirani wananisukuma kwa mzee mmoja anayechua. Niende?

Fizio Iringa
Pole sana kaka. Usiende kuchuliwa, nakuomba. Kano bado inashikana na mfupa, na kuvutwa kwa nguvu kunaweza kuing'oa tena.

Ganzi isikutishe sana. Mshipa wa fahamu wa ngozi unapita jirani kabisa na pale wanapopasua, huwa unavutwa wakati wa kufungua. Mara nyingi hisia hurudi taratibu, kwa wengine baada ya miezi. Ninachoogopa ni mshipa mwingine ulio ndani zaidi, ule unaonyoosha vidole. Je, gumba unaliinua? Vidole vinanyooka? Kama vinalegea, usisubiri kliniki, rudi kwa daktari wako mara moja.

Sasa bandika kiwiko ubavuni, mtu akugeuze kiganja polepole bila kulazimisha. Kinavutika kama mpira, au kinagota? Kikigota omba eksrei. Wakati mwingine mfupa mpya huota kati ya mifupa miwili ya mkono, na huo haufunguki kwa mazoezi.

Mbao Mafinga
Mimi ulinipata huohuo mfupa. Nilivumilia miezi minane nikidhani ni ugumu wa kawaida, kila siku nanyonga mwiko wa ugali kama nilivyofundishwa, wapi! Eksrei ikaonyesha daraja jeupe kati ya mifupa. Daktari akasubiri ukomae ndipo akautoa. Leo nafungua kufuli kwa mkono uleule, ingawa kiganja hakilali chali kabisa. Usikae kimya kama mimi, mdogo wangu. Na mizigo uiache kwanza mpaka daktari mwenyewe akuruhusu, hata ndoo ya maji apokee mwingine.

Mpakiaji wa Uyole
Mke wangu kanigeuza sasa hivi. Vidole vinanyooka, gumba linainuka, nashukuru Mungu. Ila kiganja kinagota, tena bila maumivu. Kesho asubuhi naenda eksrei, kwa mzee siendi tena. Ndaga fijo, asanteni sana.