Sabuni ya alizeti inachubua mikono, kostiki niweke kiasi gani?

MamaUsafi_Kizota: Habari wadau. Nimetumia lita 5 za alizeti ya kukamua Kongwa na kostiki (caustic soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) gramu 675, yaani gramu 135 kwa kila kilo ya mafuta. Sabuni imeganda ila inawasha. Halafu ndoo niliyoyeyushia kostiki imelegea kwa joto. Nihamie sufuria ya alumini?

Mkemia_wa_Mtaani: Dada, kosa liko kwenye lita. Lita ya alizeti ina kama gramu 920 tu. Lita 5 ni kilo 4.6, zinakula kostiki gramu 621. Gramu 54 zimekosa mafuta, ndizo zinazokuwasha. Safari ijayo punguza kostiki asilimia 5 ili isibaki yoyote: gramu 590, maji lita 1.2.

Sabuni hiyo usiitupe. Ikwangue, iyeyushe kwa moto mdogo na maji kidogo kwenye sufuria ya stili, ongeza alizeti gramu 660, koroga mpaka mafuta yasionekane. Vaa glavu, bado ni kali hiyo.

Fundi_Sabuni_Dom: Alumini hapana kabisa! Kostiki inaitafuna na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka, na wengi jiko la mkaa liko pembeni. Tumia stili au ndoo nene ya plastiki yenye namba 2 kitakoni (alama ya plastiki aina ya HDPE), uisimamishe kwenye beseni la maji baridi, kwa sababu joto linaweza kukaribia nyuzi 90.

Kostiki ndiyo inaingia kwenye maji, kidogo kidogo. Ukimimina maji juu ya kostiki yanachemka ghafla na kukurukia usoni. Vaa miwani ya kuziba pembeni, na kwa upepo huu wa Dodoma, uupe mgongo. Vidole vikianza kuteleza, ujue mafuta ya ngozi yako yanageuka sabuni: suuza papo hapo. Ikiingia jichoni, fumbua kope, tiririsha maji safi dakika 30, kisha hospitali. Usijaribu kuipooza kwa siki wala ndimu.

MamaUsafi_Kizota: Asanteni sana. Kostiki iliyobaki kwenye mfuko wake imeshikana mabonge.

Mkemia_wa_Mtaani: Imevuta unyevu wa hewani, na ule unga mweupe juu ni kostiki iliyokwisha kugeuka kabonati, yaani aina ya magadi. Ukiipima, gramu zinakudanganya, sabuni itabaki na mafuta. Nunua nyingine, iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza. Kamwe isiwekwe kwenye chupa ya maji au soda. Mtoto akiinywa msimtapishe, msukutueni mdomo na mkimbizeni hospitali.