Mrejesho: ile kesi ya paking ya walemavu
Wakuu narudi na mrejesho. Niliuliza kama kweli mtu anaweza kukishtaki kimgahawa changu hapa California kwa ajili ya paking ya walemavu bila hata notisi. Wakili kasema anaweza, ADA, ile sheria ya Marekani ya haki za walemavu ya 1990, haidai notisi, muswada wa kuidai ulipita Bunge la Wawakilishi 2018 ukafia Seneti. ADA yenyewe haimpi mlalamikaji fidia ila sheria ya jimbo inaanzia dola 4,000 kwa kosa, ndo maana kesi zimejaa huku! Basi tumemalizana nje ya mahakama, mistari ya paking nimepaka upya na kaunta nimeishusha hadi kimo cha inchi 36. Jana mama mmoja wa wilchea kalipia mwenyewe fresh tu, ila bili ya wakili jamani bado inaniuma.