Kupiga picha msitu wa Amani, Usambara Mashariki: tujiandae vipi?

PichaZaPwani

Wakuu, habari za wakati huu. Tupo marafiki sita, tunatoka Tanga kwenda Amani kwa siku tatu katikati ya Novemba, kazi ni picha za msitu tu: mbega, ndege, vinyonga, maua. Kamera zipo nne (mbili zina lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo, moja 100-400 ya kuvuta vya mbali, moja makro ya 100 ya vitu vidogo), simu mbili, stendi mbili na flashi moja.

Chini ya miti minene picha zetu hutoka giza na zimetikisika, au mbingu inageuka karatasi nyeupe. Tuseti vipi? Na unyevu je, maana ni msimu wa vuli? Tena vinyonga wa usiku wanapigwaje bila kuwasumbua?

MzeeWaShata

Mkuu, vuli isikutishe. Amani hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka na hakuna mwezi mkavu kabisa, kwa hiyo mvua ipo ukienda lini. Tena wingu na ukungu ndio mwanga bora wa msituni. Kibaya ni jua la saa sita: linamwaga madoa makali juu ya majani meusi, na kamera haiwezi kubeba vyote viwili. Kukiwa na jua, pigeni kuanzia alfajiri hadi saa tatu asubuhi, kisha saa kumi jioni na kuendelea.

Mbingu nyeupe haitibiwi kwa seti, inatibiwa kwa miguu. Sogea, inama, panda kilima, mpaka nyuma ya unachopiga kuwe na majani badala ya uwazi. Ikishindikana, punguza mwanga kwa theluthi mbili hadi hatua moja (hatua moja ni nusu ya mwanga), upige RAW, yaani faili ghafi la kamera, giza utalifungua baadaye. Kwenye ukungu fanya kinyume: ongeza theluthi mbili hadi hatua moja, la sivyo kamera itaugeuza ukungu kuwa kijivu cha majivu.

Vijito, mizizi na majani ya kangaga ni kazi ya stendi: ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100, tundu la mwanga f/8 au f/11, shata (muda wa kuingiza mwanga) nusu sekunde hadi sekunde mbili, na taima ya sekunde 2 ili kidole kisitikise. Zima kitulizi cha lenzi kamera ikiwa juu ya stendi. Anayeweza kupata filta ya polaraiza aje nayo. Inakula hatua moja hadi mbili za mwanga, lakini inaondoa mng'ao mweupe juu ya majani yaliyolowa, na kijani kinatoka chenyewe. Hakuna programu itakayokurudishia rangi iliyofunikwa na mng'ao huo.

Mwenye 100-400 asishushe shata chini ya 1/500 ya sekunde, hata ISO ikipanda 3200 au 6400. Chengachenga za ISO kubwa zinasafishika, picha iliyotikisika haisafishiki. Mbega wa Amani ni mweusi mwenye manyoya marefu meupe mabegani na usoni. Kamera ikipima mwili mweusi, weupe unaungua. Pima kwa weupe.

FundiVioo

Naongezea la unyevu. Lenzi hutoka jasho pale kioo cha baridi kinapokutana na hewa ya joto yenye maji. Mkosaji wa kwanza ni kiyoyozi cha gari. Kizimeni nusu saa kabla ya kufika, au acheni kamera ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto la nje. Kioo kikishajaa mvuke, msifute papo hapo wala msibadilishe lenzi. Subirini ukauke.

Kila mtu awe na vitambaa laini vitatu, kimoja mfuko wa shati. Puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, ndipo ufute, kwa sababu punje moja ya mchanga chini ya kitambaa inachora kioo. Mvua ikianza, mfuko wa nailoni uliotobolewa tundu la lenzi na kubanwa kwa mpira wa fedha unatosha kabisa.

Usiku weka vifaa kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakti vya silika. Mchele mkavu achaneni nao, una vumbi. Na mkirudi nyumbani msiache lenzi ndani ya begi la safari. Kuvu huota humo, uzi mwembamba kama utando wa buibui ndani ya kioo, na kuusafisha ni kufungua lenzi nzima.

BintiMsitu

Vinyonga: tokeni saa moja na nusu hadi saa tatu usiku, pamoja na mwongozaji. Usiku kinyonga hupauka. Tochi ikimpata, anaonekana kama jani jeupe lililojikunja kwenye ncha ya tawi jembamba. Shika tochi usawa wa jicho, maana akimulikwa kutoka kiunoni hamumwoni. Wale wadogo wa chini, urefu wa kidole, hulala kwenye vimea vya magotini, kwa hiyo angalieni mnapokanyaga.

Dume wa pembe tatu ndiye kila mtu anamtaka. Jina lake la kisayansi, *deremensis*, limetoka Derema, hapo hapo Usambara Mashariki. Jike hana pembe, msimpuuze.

Seti: makro 100, f/11, 1/200, ISO 400, flashi kwa nguvu ya 1/16, mbele yake karatasi nyeupe au kipande cha dumu la plastiki nyeupe. Flashi tupu hutoa doa jeupe kwenye kila gamba. Fokasi iwe kwenye jicho, kwenye ule mduara mdogo katikati. Mandharinyuma yatakuwa meusi kwa sababu mwanga haufiki nyuma. Kama hamyapendi, rafiki amulike majani ya nyuma kwa tochi hafifu, na mteremshe shata hadi 1/60 juu ya stendi.

Naomba sana hapa: tawi lisivunjwe, lisivutwe, kinyonga asiguswe. Analala nchani ili nyoka akija, mtikiso wa tawi umwamshe yeye kinyonga. Ukimhamisha umemnyang'anya ulinzi huo. Akifungua macho au akianza kuiva rangi, ondokeni. Dakika tano zinatosha, tochi moja tu imwelekee. Na zimeni GPS ya kamera na simu kabla ya kurusha picha mtandaoni, maana wapo wanaokamata vinyonga kwa biashara.

MwanaMuheza

Sita kwa pamoja ni wengi, mbega watakwisha kuwasikia kabla hamjawaona. Gawanyikeni watatu watatu, kila kundi na stendi yake. Kibali na mwongozaji mnapata kwa TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, wanaosimamia hifadhi. Droni iacheni nyumbani kama hamna vibali vyake.

Mafuta jazeni Muheza. Barabara ya juu ni ya udongo, mvua ikinyesha utelezi si mchezo, gari liwe la juu. Siku ya kwanza bakini Zigi, huko chini kuna joto zaidi na vipepeo mtoni. Ya pili na ya tatu pandeni Amani kwenyewe. Hondohondo watafuteni pembezoni mwa mashamba ya chai. Ukisimama juu ya mteremko wa chai unakuwa usawa wa vilele vya miti, shingo haiumii na nyuma ya ndege kunakuwa na msitu, si mbingu.

Suruali ndani ya soksi, siafu wapo.

PichaZaPwani

Asanteni sana wakuu. Wenye simu wafanye nini? Na yale maua ya Usambara yanayouzwa Ulaya kwenye vyungu, tutayaona?

BintiMsitu

Mtayaona, ndiko kwao. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliyachukua huku mwaka 1892. Huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, na kazi hiyo ndiyo inayofaa simu. Bana simu kwenye stendi, gusa ua kwenye skrini na ushikilie mpaka fokasi ijifunge, shusha mwanga kidogo ili zambarau isigeuke bluu ya kuungua. Rafiki ashike karatasi nyeupe upande wenye giza. Flashi ya simu zima. Simameni kwenye mwamba mtupu, msikanyage kuvumwani, miche yake hujificha humo.