Saiwa na mama mwenye magoti yanayouma: ataweza?

MtuWaLugari: Hamjambo wadau. Mama yangu ana hamu ya kumwona nzohe, yule swala wa kinamasini. Nataka kumpeleka mbuga ya Saiwa, kule Kitale, Jumamosi moja mwezi huu, ila magoti yanamsumbua. Gari linaingia ndani au ni kutembea tu? Na huyo nzohe huonekana kweli?

BintiWaKipsaina: Karibuni sana kaka, nisalimie mama. Gari huachwa langoni, Saiwa ni ya miguu. Lakini usiogope, eneo lote halifiki kilomita 3 za mraba, ndiyo mbuga ya taifa ndogo kuliko zote Kenya. Kuna njia za mbao juu ya kinamasi na majukwaa ya kutazamia. Chagueni jukwaa moja la karibu, mkae hapo hapo.

Mlale Kitale Ijumaa ili saa kumi na mbili asubuhi muwe langoni. Jua likipanda, nzohe hujificha, na akishtuka huzama majini akabakiza pua tu. Angalieni matete yanayotikisika bila upepo. Litatokea sikio, kisha shingo, kisha yeye mzima, anakanyaga tope kwa kwato ndefu zilizotanuka wala hadidimii. Nimekulia hapa na bado moyo hunienda mbio nikimwona. Mbuga hii ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili yake.

Halafu msikimbilie kuondoka, kuna na ndege wa kutazama. Korongo taji hutaga kwenye kinamasi ila chakula hukitafuta kwenye nyasi za pembeni. Ukiacha maji ukalima nyasi zote, umemfukuza. Linaniuma hilo, maana mahindi yamesogea mno. Shambani kwetu tulikata mikaratusi iliyokuwa ikinyonya maji kando ya kijito, mafunjo yakarudi yenyewe, na sasa korongo wanashuka tena.

DerevaKapenguria: Mkija na matatu, shukeni njia ya Kipsaina kwenye barabara ya Kitale–Kapenguria, mchukue boda. Mvua ikinyesha ni tope kweli kweli. Lipeni kiingilio mapema kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, langoni hawapokei pesa taslimu.

MtuWaLugari: Asanteni sana. Na kima wa De Brazza?

BintiWaKipsaina: Wapo, kwenye miti ya kando ya maji. Ana paji la rangi ya chungwa na ndevu nyeupe ndefu. Akihisi watu hutulia tuli, kwa hiyo mama akiwa amekaa kimya ana nafasi nzuri kuliko ninyi mnaozunguka. Mbebeeni sweta, asubuhi kuna baridi.