Mjadala: Gari likijifunga breki lenyewe, tuzime au tuache?

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi nilikuwa na shemeji yangu tunatoka Mbezi kwenda Kariakoo, yuko kwenye gari alilolitoa bandarini mwezi uliopita. Ubungo pale bodaboda akachomoka kushoto, gari likafunga breki kabla shemeji hajagusa pedali. Nyuma wakatupigia honi, lakini yule kijana alipita mzima. Kesho yake shemeji akalipeleka kwa fundi, kamera ya kioo cha mbele, ile inayoona mbele ili gari lijifunge breki, izimwe kabisa. Anasema dereva ni yeye, raha ya gari ni kuliamuru.

Shemeji, namheshimu, ila hapa namkatalia.

Breki hiyo sasa ni sheria Japani: tangu Novemba 2021 kila modeli mpya ya gari dogo inayotengenezwa kule lazima iwe nayo. Sisi tunaokula mitumba ya Japani tutazidi kupokea magari yenye breki hiyo, tupende tusipende.

Wapenzi wa magari wanalalamika kwamba sheria zinaua raha. Waitazame kirikuu, kile kipikapu kidogo cha Kijapani. Sheria ya Japani ilisema injini ya gari la daraja lile isizidi cc 660, urefu mita 3.4, upana mita 1.48. Wahandisi wakabanwa, wakaja na kigari chepesi, injini chini ya viti, kinachopenya vichochoro vya Manzese na matenga ya nyanya mgongoni. Nimewahi kuendesha ya gia za mkono mwaka mzima. Kila gia unaisikia mfupani, na sijapata raha ile kwenye gari lolote kubwa. Sheria ndiyo iliyoizaa. Hata kwetu, ushuru wa bidhaa ni asilimia 0 kwa injini isiyozidi cc 1000, ukivuka hapo ni 5, ukivuka 2000 ni 10. Passo za cc 996 zimejaa mjini, na ushuru huo umechangia.

Nakubali kuna sheria za kero. Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2024, kila gari jipya linamwonya dereva akizidi mwendo wa barabara, na ukizima onyo, linarudi ukiwasha gari tena. Kwetu, ambako kibao cha 50 kimefunikwa na tangazo la mganga, lingepiga kelele bila sababu mpaka dereva aache kulisikiliza. Breki ya shemeji haiko hivyo. Inakaa kimya mpaka mtu awe karibu kugongwa.

Kinachonitisha mimi ni kioo. Lori la kokoto likikurushia jiwe Morogoro Road, unabadilisha kioo cha mbele, na kamera inabandikwa upya kwa macho tu. Ikipinda kidogo inasoma barabara vibaya: inafunga breki pasipo kitu, au haifungi pale inapotakiwa. Mafundi wenye kifaa cha kuipima upya ni wachache, na mteja hajui hata kuuliza. Ningependa ukaguzi wa magari uipime kamera kama unavyopima taa na breki, na anayeizima ahesabiwe kama aliyekata mkanda wa kiti.

Wenye magari ya namna hii, hasa mliokwisha kubadilisha kioo: breki yenu bado inafanya kazi ipasavyo? Na mliozima, mlizima kwa sababu gani?