Naomba ushauri: namna ya kukadiria protini kwenye nyama ya buchani

Habari zenu wakuu. Baba yangu ana tatizo la figo, na mtaalamu wa lishe amempangia kiasi cha protini kwa siku. Maziwa ya pakiti yana maelezo yake, lakini nyama ya buchani inakuja kwenye mfuko tu, steki na mchanganyiko vyote bila maandishi.

Ninavyofanya kwa sasa: natoa mfupa na mafuta yanayoonekana, napima nyama ikiwa mbichi kwenye mzani wa jikoni, halafu nahesabu gramu 20 hivi za protini kwa kila gramu 100 za steki ya ng'ombe. Shida inaanzia kwenye sufuria. Nyama ikiiva inapoteza maji, gramu 100 zinabaki kama 70 hivi, ila protini karibu yote bado imo. Kwa hiyo ukipima iliyoiva kwa hesabu ya mbichi, unampa mgonjwa protini nyingi kuliko unavyodhani, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Wenye uzoefu naomba mnisaidie. Mbavu mnazikadiriaje, maana mfupa hautoki vizuri mpaka ziive? Na maini je, au utumbo? Mzee anapenda mno supu ya mbavu asubuhi, na sitaki kumnyima kama kuna namna ya kuihesabu. Mwenye mgonjwa wa figo nyumbani aniambie anamtengeaje sehemu yake siku mnapopika sufuria moja kwa familia nzima.