Mafundi wa tovuti Dar: fomu zenu hazisomeki, na bado mnalipwa hela kamili!

Wakuu, leo sitaandika kwa upole, mnisamehe.

Mimi sioni. Simu naitumia kwa TalkBack, kompyuta kwa NVDA, programu ya bure inayosoma kwa sauti kilichoko kwenye skrini. Uzi huu naandika kwa mikono yangu mwenyewe, hivyo wale wa "si utafute mtu akusaidie" naomba wapite pembeni mapema.

Kuna kampuni ya bima ya afya, ofisi zake ziko mjini, jina silitaji. Wamefuta fomu za karatasi. Ukitaka kuhuisha kadi ni kwenye tovuti tu. Haya, naifungua. Nasikia: "Picha. Picha. Kitufe hakina lebo. Kisanduku cha maandishi. Kisanduku cha maandishi. Kisanduku cha maandishi." Basi. Cha nini? Jina? Namba ya NIDA? Jina la mama mzazi? Anayeona anakuta neno limeandikwa juu ya kila kisanduku na maisha yanaendelea. Ila fundi hakulifunga lile neno na kisanduku chake, kazi ambayo HTML, lugha ya kuandikia kurasa za mtandao, imeiwekea alama inayoitwa label tangu miaka ya tisini. Ni mstari mmoja kwa kila kisanduku! Si teknolojia ya kwenda mwezini.

Nikabahatisha, nikajaza. Sasa natafuta "Endelea". Nabonyeza Tab, inaruka. Narudi nyuma, inaruka tena. Kumbe kitufe chenyewe si kitufe, ni div, yaani boksi tupu la kupangia ukurasa, imepakwa rangi ya kijani na kuzungushwa kona ili ifanane na kitufe. Kwa macho ni kitufe. Kwa kibodi na kwa kisoma skrini ni neno tu limekaa hapo. Alama ya button ipo, haina gharama, inakuja na kila kitu ndani yake: Tab inaiona, Enter inaibonyeza, kisoma skrini kinaitamka. Mtu anaiacha makusudi, anatengeneza ya kwake kwa JavaScript, lugha ya programu zinazoendeshwa na kivinjari, mistari arobaini, halafu inakuwa mbovu.

Ila kinachoniudhi kuliko vyote ni lugha. Ukurasa mzima ni Kiswahili, na Kiswahili kizuri tu. Juu kabisa kwenye msimbo kuna sehemu ya kutaja lugha ya ukurasa, na pale imeandikwa en. Maana yake fundi alichukua tempuleti ya Kizungu, akabadilisha maneno, hiyo sehemu akaiacha kama alivyoikuta. Kisoma skrini kinaamini kilichoambiwa. Kinaiacha sauti ya Kiswahili, kinaanza kusoma "Jaza taarifa zako kwa usahihi" kwa matamshi ya Kiingereza. Jamani jaribuni kusikiliza aya mbili za namna hiyo mkiwa mmetulia, achilia mbali kwenye daladala. Unasikia kelele, maana hupati. Na dawa yake ni herufi mbili: futa en, andika sw. Nimekagua tovuti nyingi za hapa mjini kwa sababu hii, za shule, za hospitali, za magazeti, na ugonjwa ni uleule. Watu wanaojivunia Kiswahili majukwaani tovuti zao zinajitambulisha kuwa za Kiingereza.

Mwisho wa fomu kuna kapcha, lile jaribio la kuthibitisha wewe si roboti: chagua picha zenye taa za barabarani. Chaguo la sauti hawakuweka. Hapo nilicheka.

Nikapiga simu. Dada wa huduma kwa wateja, mpole kabisa, akaniambia, "Kaka, jaribu kutumia Chrome kwenye kompyuta, kwingine huwa inasumbua." Sikieni hiyo! Mke wangu, ambaye anaona vizuri tu, aliifungua kwa kivinjari cha Opera Mini ili kuokoa bando, akapata ukurasa mweupe. Kila kitu kinategemea JavaScript, na Opera Mini ikiwa kwenye hali ya kubana data haiibebi yote. Kwa hiyo tatizo si macho yangu peke yake. Mmejenga mlango unaomfungukia mwenye kompyuta nzuri, kivinjari kimoja na bando la kutosha. Dar hii watu wangapi wako hivyo?

Waliokaa kwenye intaneti kafe miaka ya 2000 wanazikumbuka zile tovuti za "tumia Internet Explorer". Toleo la 6 lilitoka 2001, mafundi wakaandika kwa ajili yake peke yake, Firefox ilipokuja 2004 kurasa zikawa zinavunjika hovyo. Microsoft wenyewe wamestaafisha Internet Explorer Juni 2022. Viwango vya W3C, shirika la kimataifa la viwango vya wavuti, vipo ili ukurasa ukiandikwa kwa kanuni usomeke popote. Leo tunarudia ujinga uleule, tumebadilisha jina la kivinjari tu.

Na msiniambie haya ni mambo mapya. Mwongozo wa kwanza wa WCAG, ule wa W3C wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, ulitoka 1999. Mwaka 2000 Bruce Maguire, Mwaustralia asiyeona, aliwashinda waandaaji wa Olimpiki ya Sydney kwa sababu tovuti yao ilikuwa na picha zisizo na maelezo. Walijitetea kwamba kurekebisha ni gharama kubwa. Utetezi ukakataliwa, wakaamriwa kumlipa dola 20,000 za Australia. Hapa kwetu tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na mwaka mmoja kabla yake nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara ya 9 inataja intaneti kwa jina. Nani amewahi kumuuliza fundi wa tovuti kuhusu hayo wakati wa kusaini mkataba wa kazi?

Najua mtakachosema. "Mteja hakuomba." Mteja hakuomba pia ukurasa ufunguke, alijua utafunguka. "Wasioona ni wachache." Mama yangu anaona, ila maandishi yenu ya kijivu juu ya nyeupe hayasomi, na mmezuia hata kukuza kwa vidole viwili. Uwiano wa chini wa utofauti kati ya rangi ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake ni 4.5 kwa 1, vipimo vya bure vimejaa mtandaoni. Na wale wanaobandika kialama cha kiti cha magurudumu kwenye kona halafu wanajitangaza tovuti ni rafiki kwa wote: hicho kidude kinakuza herufi ambazo sizioni hata zikiwa kubwa kama nyumba. Hakijui kisanduku cha tatu ni cha namba ya NIDA. Toeni.

Kadi yangu inaisha mwisho wa mwezi. Mwenye kujua ofisi gani ya bima bado inapokea karatasi, au inatoa PDF ambayo si picha iliyopigwa skani, anicheki PM.

NYONGEZA: Mdau mmoja amenifuata PM, anasema yeye hutengeneza tovuti na hajawahi kusikia NVDA, ameuliza aanzie wapi. Mkuu, pakua, ni bure. Kisha chomoa mausi, zima skrini, jaza fomu yako mwenyewe mpaka mwisho. Ukikwama niite, niko Tabata, nauli ya kuja kwako najilipia.